Maji ya Kupoozea Mvuke

Kiangazi kile nilikuwa nesi hospitalini Kasulu, kazi yangu kutengeneza maji ya dripu. Wakimbizi walikuwa wamejaa wilaya nzima, na bomba la mji lilitoa maji kwa zamu.

Akaletwa mwanamke kijana kutoka Heru Juu. Alikuwa amejifungulia nyumbani, damu ikamtoka sana, mtoto akafa. Tangu hapo hakuwa amekojoa hata tone, na uso ulikuwa umevimba. Figo zilikuwa zimegoma. Mashine ya kusafisha damu hatukuwa nayo. Daktari akasema tutamtia maji tumboni kwa mpira mwembamba, yakae yavute sumu, tuyatoe, tutie mengine, kutwa kucha.

"Utaweza kututengenezea ya kutosha?" akaniuliza.

"Nitaweza."

Nilichochea kuni. Maji yalichemka, mvuke ukapita kwenye bomba lililopozwa kwa maji baridi, ukadondoka safi chupani. Lakini yale ya kupoozea yalitiririkia mtaroni. Ili nipate chupa moja, nilimwaga ndoo kadhaa.

Siku ya pili, mama mkwe wa mgonjwa alisimama mlangoni kwangu na ndoo tupu. Alikuwa ameshinda kwenye foleni ya chemchemi akakosa. Akautazama mtaro.

"Mwanangu, haya ni machafu?"

"Hapana, mama. Yamepata moto tu."

"Sasa mbona mnayamwaga?"

Miaka minne nilikuwa nikiyaona yakipotea, na nyumbani kwetu Busunzu nimekulia nikibeba maji kichwani. Niliona aibu.

Jioni ile fundi alinifungia mpira hadi kwenye pipa. Yaliyopoa tuliyarudisha kupoozea tena, mengine tukafulia mashuka, na mama yule akawagawia waliokuwa wakiuguza ndugu zao. Kuni ziliendelea kuteketea. Hilo sikulipatia dawa.

Siku ya saba mama mkwe alinijia na kopo la mgonjwa mkononi. Ndani mlikuwa na mkojo kidogo, mweusi kama chai ya rangi. Tulikaa chini tukalia.

Siku ya kuruhusiwa, mgonjwa mwenyewe alikuja kuniaga. Alikuwa amekonda, sauti haitoki vizuri.

"Mtoto alikuwa wa kike," akaniambia. "Walimzika nikiwa sijitambui. Sikumwona."

Nilimshika mkono. Mama mkwe akajitwisha mzigo, wakashika njia ya Heru Juu, wakipumzika kila baada ya hatua chache.