Risasi ya Papa

Risasi ikiyeyuka juu ya makaa hutoa harufu chungu inayokwama kooni, na mimi nimelelewa na harufu hiyo. Katika nyumba yetu ya matofali mabichi, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, papa, baba yangu, alitengeneza vibanio vya viatu: maua ya bati ya kubana mbele ya kiatu cha mwanamke, ili kiatu kilichochoka kiende harusini bila aibu. Kielelezo chake kilikuwa jozi ya zamani ya bibi, yenye vijiwe vya kioo, iliyovuka ziwa kutoka Uvira imefungwa kwenye pindo la kitenge. Bati alilikata kwenye makopo ya mafuta ya mgao, akakunja ua, kisha akalishikiza kwenye kibanio kwa tone la risasi. Mkono wake haukutetemeka, nami niliringa nao kuliko watoto wa walimu.

Kiangazi kimoja, nikiwa bado mtoto, majambazi wenye bunduki waliteka mabasi barabara ya Kibondo, na watu wa Kasulu walikuwa wamezika ndugu zao. Papa hakulifikiria hilo. Mdogo wa mama, Tantine Neema, alikuwa karibu kuolewa, vibanio vyake vilibaki kuchomelewa tu, na risasi imetuishia. Tukaenda sokoni Kasulu. Mbele ya vijana waliokaa kwenye kibaraza cha duka la vifaa, papa akauliza kwa Kiswahili chake cha Kongo: "Niko natafuta risasi mingi, ya kumaliza kazi."

Fundi yeyote angemwelewa. Mwenye duka alimwelewa pia, nina hakika, lakini alifunga mlango. Wale vijana walianza kwa makofi, wakaja kwa mateke, kisha magongo. Kila papa alipofungua kinywa kujieleza, lafudhi ile ilimchongea upya. Kijana mmoja alimkanyaga mkono wa kulia, akausaga kwa buti mpaka nikasikia mifupa. Nilimng'ata mguu, akanitupa mtaroni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Siku ile mgeni hakuwa na pa kuponea.

Mama Nyabenda, muuza viatu vya mitumba aliyenunua kazi za papa, alipenya akamlalia mwili mzima. "Nimumureke," aliwaambia kwa Kiha, mwacheni. Akamwaga mfuko wa papa chini, maua ya bati yakatawanyika vumbini. "Risasi anayotaka ni ya kuchomelea haya." Yule wa buti aliokota moja, akaligeuzageuza, akanipa. Kisha wakarudi kukaa kibarazani.

Hospitalini Kabanga walimfunga plasta, ila vidole havikushika tena koleo. Tantine aliolewa amevaa viatu vitupu, bila maua.

Leo vibanio vinaletwa pamoja na mitumba, vya plastiki na gundi, lakini maharusi wanataka vya zamani, nami ndiye ninayevitengeneza. Papa hukaa kando akinikosoa kwa mdomo. Risasi ikiisha naomba kibali cha kutoka kambini, naenda Kasulu, duka lilelile. Naonyesha rafu kwa kidole: "Nipe ile ya kuchomelea." Juzi kijana wa duka alicheka.

"Si useme tu risasi, dada."

Nilichukua mzigo wangu. Kabla ya kutoka, nilichungulia kwanza ni nani amekaa kibarazani.