Bibi Mamosa adai ng'ombe wa msiba wake

Tlali, karani wa pensheni ya wazee huku kwetu milimani Lesotho, aliona uvivu kupanda farasi kwenda kumhakiki Bibi Mamosa kama bado yu hai. Akaandika tu: amefariki. Pensheni ikakatwa. Bibi, miaka themanini na moja, akateremka ofisini kwa miguu, hasira zimemfika kooni.

"Wewe ndiye uliyeniua?"

"Bibi, kompyuta inasema umekufa. Kalete barua ya chifu kwamba u hai."

"Haya mjukuu wangu. Nimekufa."

Halafu akacheka! Hapo watu wakajua Tlali kaisha. Jumamosi asubuhi Bibi akatokea nyumbani kwa Tlali na chifu na majirani kama thelathini, wamejifunga blanketi, masufuria kichwani, visu mkononi, wanaimba nyimbo za msiba, na anayeongoza kuimba ni marehemu mwenyewe. Kwetu mtu mzima hazikwi bila kuchinjiwa ng'ombe.

"Aliyetangaza kifo ndiye mwenye msiba," Bibi akasema. "Toa ng'ombe."

"Bibi, nisamehe! Nakurudisha kwenye orodha sasa hivi!"

"Nirudishe. Ila nitafufuka nikishashiba."

Tlali akaandika jina la Bibi kwenye fomu mbele ya chifu. Bibi akaisoma fomu herufi kwa herufi, akaridhika, kisha akawageukia wenye visu, akanyoosha kidole kwenye zizi la Tlali.

"Yule mweusi, mnono."

Siku hizi Tlali anapanda mlima mwenyewe kumhakiki. Bibi anamwona dirishani, anamalizia chai yake taratibu, na theluji inamwangukia karani huko nje.