Kijiji cha Kuazima

Utoto wangu ulinukia gundi ya sofa na chai ya maua. Gundi ilikuwa ya baba, fundi wa kuvisha viti vitambaa huko Rosettenville, mtaa wa jiji la ugenini tulikohamia, aliyerudi jioni na vidole ambavyo sabuni ilishindwa kuvitakasa. Chai ilikuwa ya Anti Marija, mwenye nyumba wetu, mama mzee wa Kislovenia aliyetupangisha vyumba viwili vya uani kwake, mtaa wa Observatory, pale barabara inapoanza kupanda mlima. Nikitoka shule nilikaa jikoni kwake mpaka wazazi warudi. Alichemsha maua makavu ya mti uliosimama katikati ya kijiji chao, ambayo dada yake alimtumia kwa bahasha, na tukinywa alinisimulia. Nyumba za kwao zilikuwa za mawe, zimebanana mgongoni mwa kilima kama watu wanaoota moto. Kanisa lilikuwa juu kabisa, mizabibu ikishuka kwa matuta hadi bondeni. Bibi yake, alisema, alitawaliwa na serikali nne bila kuhama jikoni kwake, kwa kuwa mipaka ndiyo iliyokuwa ikihama. Tena walikuwa maskini. Hakukuwa na mto, wanawake waliteka maji kisimani bondeni wakayapandisha kichwani, na yeye mwenyewe alikwenda shule peku.

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, mwalimu alitutaka kila mmoja achore ramani ya kijiji cha mzee wa nyumbani kwake na kuandika historia yake. Kazi zingebandikwa ukumbini Jumamosi, na wazazi wangealikwa. Baba alifurahi kuliko mimi. Sisi ni Wapare, watu tunaotaniwa nchi nzima huko kwetu kwamba tunapenda kesi, na baba alichora kijiji chao kama mtu anayepeleka ushahidi mahakamani. Kwa jioni tatu aliinama juu ya karatasi ya kaki aliyokuwa akikatia vitambaa, na penseli yake ya kazi. Alichora ndiva, bwawa ambalo mababu walichimba mlimani ili maji yakusanywe na kugawanywa kwa zamu. Alichora kila mfereji na kuandika ni ukoo gani ulifungua maji siku gani. Alichora kona za barabara kutoka tambarare, njia panda zote, na mgomba uliokuwa karibu na makaburi ya wazazi wake. Aliniambia, "Ukiwa na hii hupotei, mwanangu."

Niliona haya. Nasema wazi kwa kuwa nimezunguka miaka mingi nikitafuta neno la heshima zaidi na sikulipata. Darasani walikuwa wameanza kuniita mkwerekwere, jina la kejeli wanalowapa wageni weusi, na niliwaza watakavyocheka wakiona mifereji ya udongo kwenye karatasi yenye madoa ya gundi. Njiani kwenda shule, pale kwenye robot, yaani taa za barabarani, niliikunja ramani ya baba nikaisukuma ndani ya pipa la taka. Nikapeleka kijiji cha Anti Marija. Nilimwambia mwalimu kwamba ndiye mzee wa nyumbani kwetu, nikabandika picha ya kanisa aliyoniazima, nikaandika habari za mizabibu na serikali nne. Habari ya maji ya kichwani na miguu peku niliiacha. Nilisifiwa mbele ya darasa, na siku hiyo hakuna aliyeniita jina lile.

Jambo moja sikulipanga. Baba alifunga karakana yake Jumamosi, siku yenye wateja wengi, akaja na koti lake la kanisani. Nilimwona akipita ukutani taratibu, karatasi moja baada ya nyingine, akitafuta kaki yake. Alipofika kwenye jina langu alisimama. Aliisoma yote, kidole chake kikifuata mistari, kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hawa wa hapa, maji wanateka wapi?"

"Wana bomba," nilisema.

"Basi wana bahati," alisema, akamgeukia mwalimu na kumshukuru kwa kunifundisha vizuri. Hakuiulizia ramani yake siku ile, wala siku nyingine yoyote mpaka anakufa.

Mkataa kwao ni mtumwa, wahenga walisema, na utumwa wangu haukuwa na mnyororo wa kuonyesha mtu. Leo naishi Randburg, upande mwingine wa jiji lilelile, nina kazi ya ofisini na nyumba isiyonuka gundi. Kijiji cha Anti Marija naweza kukichora nimefumba macho. Mwaka jana tulimpeleka baba kwao kumzika, na mimi, mtoto wake mkubwa, niliketi mbele, karibu na dereva. Tukiwa mlimani tulifika njia panda, simu hazikushika mtandao, dereva akaniuliza ni kulia au kushoto. Sikujua. Nilishuka nikamwuliza msichana aliyekuwa akipandisha ndoo ya maji kichwani, nikamtajia jina la baba.

Aliitazama gari iliyobeba jeneza, akanitazama mimi. "Wewe ni nani wake?" aliuliza.

Nilimwambia ni mwanawe. Akaishika ndoo kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akanionyesha njia ya kwetu.