Mtambo Uliosema Wagonjwa Hawapo

Ibtissam alikuwa mtu wa kuogopa tangu zamani, wala hakuficha. Kazini kwake, kituo cha kusafisha damu ya wagonjwa wa figo pale Taza, Moroko, wauguzi walimtania kwamba hata kompyuta ikipiga chafya yeye hupauka. Miaka sita alikuwa fundi pekee wa mitambo ya kituo, na miaka yote sita aliamini iko siku atafuta kitu kisichopaswa kufutwa.

Jumatatu hiyo, siku tatu kabla ya Ramadhani, aliona siku imefika. Jumamosi alikuwa amefuta mafaili ya zamani ili diski ipumue. Sasa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, aliwasha upya programu inayotunza kumbukumbu za wagonjwa: uzito wa kila mmoja, dawa yake, kiasi cha maji ya kutolewa mwilini. Programu ikagoma. Ikaandika mstari mmoja mwekundu: hifadhidata haipo.

Akawasha tena. Haipo. Akakagua nyaya, akabadili neno la siri, akasoma Ayatul Kursi, akawasha. Haipo.

Mlangoni alisimama Mi Yamna, yaani Mama Yamna, bibi mgonjwa wa mashine namba nne, keshakunja mkono wa jelaba, kanzu yake pana.

"Binti yangu, hiyo televisheni yako bado imelala? Mwenzio miguu imeumuka kama mkate."

"Dakika tano tu, Mi Yamna."

"Tano za kweli, au zile za fundi bomba wangu?"

Ibtissam akacheka kwa meno tu. Bila kumbukumbu zile wauguzi wangetoa maji kwa kukisia, na kwa mgonjwa wa moyo kama Mi Yamna, kukisia kungeweza kumuua.

Daktari Mounia, mkuu wa kituo, akaingia na koti lake bado mkononi, akausoma ule mstari mwekundu. "Rudisha nakala ya akiba."

"Ni ya wiki tatu zilizopita, daktari. Nikiirudisha, inafunika yote yaliyoandikwa baada yake."

"Si mtambo umesema hayapo? Sasa utafunika nini? Rudisha, watu wanangoja."

Ibtissam akaandika amri, kidole kikasimama juu ya kitufe cha mwisho. Aliogopa kubonyeza, akaogopa kutobonyeza. Kwa woga huo tu, msimsifu bure kwa akili, akajichelewesha kwa kusoma ujumbe ule neno kwa neno, hadi tarakimu ndogo za pembeni ambazo hakuna azisomaye. Ujumbe ulisema umeandikwa saa kumi na moja na dakika hamsini. Simu yake ilisema saa kumi na mbili na dakika hamsini.

"Ba Bouchta!" alimwita mlinzi wa kituo, sauti ikimpasuka. "Umegusa saa ya mtambo huu?"

"Ya huo, ya jikoni, ya chumba cha kungojea, zote nimezipitia alfajiri," mzee akajibu kwa fahari. "Kila Ramadhani nani huwarudishia saa nyuma nyinyi? Huo nimeukuta umeachwa wazi, nikaona nisiubague."

Kumbe mtambo ulikuwa umejirudisha nyuma wenyewe Jumapili, kama simu zote za Moroko, ambako nchi nzima hurudisha saa nyuma kwa saa moja Ramadhani inapokaribia. Mzee akaurudisha mara ya pili. Na programu ile, kila inapoamka, huomba kibali kwa mtambo mwingine ulioko Rabat. Kibali kilikuja na saa ya kweli, programu ikaona kimetoka saa nzima mbele, ikakikataa. Bila kibali haikuambiwa kumbukumbu ziko wapi. Ikatafuta pasipo na kitu, ikasema haipo.

Ibtissam akasogeza saa mbele, akawasha. Majina yakashuka kwenye kioo, na uzito wa Mi Yamna wa Ijumaa ukiwa pale pale.

"Yapo?" aliuliza daktari.

"Yapo. Hayakuondoka hata kidogo."

Daktari akatoka kuwaita wauguzi, naye Ba Bouchta akamfuata akiuliza kama alikosea. Ibtissam akabaki kitini. Dirisha la pili kwenye kioo lilikuwa bado wazi, amri yake ya kurudisha nakala ikingoja kitufe kimoja. Kumbukumbu za wiki tatu za wagonjwa mia na kumi zilikuwa salama asubuhi nzima, na mtu pekee aliyekaribia kuzifuta ni yeye. Akaifuta amri herufi moja moja.