Ramadhani Niliyofunga kwa Ukaidi

Ugonjwa wangu hauna jina ambalo watu wa mtaa wetu wa Buyenzi wanaweza kulishika. Muganga wa hospitali alinieleza hivi: kinga ya mwili wangu imegeuka, inashambulia mishipa ya damu yenyewe. Mara ya kwanza ulinipiga mkono wa kushoto, vidole vikafa ganzi hadi leo. Nikabaki na wa kulia. Na mimi ni fundi wa magari. Nati iliyojificha nyuma ya injini huioni, unaipapasa tu.

Vidonge vya kotizoni viliutuliza, vikanivimbisha uso. Basi gereji nzima, wanaoniita patro, yaani bosi: "Patro, umenenepa! Maisha imekubali!" Kwetu mashavu ndiyo cheti cha afya. Iliniudhi, lakini, Mungu anisamehe, nilianza kuwaamini.

Ramadhani ikakaribia. Muganga akanionya: "Usifunge. Na vidonge usiviache hata siku moja, ugonjwa huu unarudi." Imamu wetu naye alisema mgonjwa ana ruhusa. Lakini wee, kula mchana Buyenzi na mashavu yale! Nani angeamini kwamba naumwa? Nilikuwa nimechoka kujieleza. Mke wangu alinisihi, nikamfokea: "We ni muganga? Niache!" Nikafunga. Vidonge nikavihamishia wakati wa futari, vikaninyima usingizi. Wiki ya pili nikavisukumia kabatini, nikasema nitaanza tena baada ya Idi.

Kumi la mwisho la Ramadhani, adhuhuri, nilikuwa chini ya teksi moja natafuta nati kwa mkono wa kulia. Nikapapasa, nikapapasa, nikatukana aliyeitengeneza gari ile. Fundi mwenzangu akainama na tochi, akasema, "Patro, si umeishika hiyo?"

Nilitoka nikakaa juu ya tairi nikalia mbele ya watu wote. Hospitali walinirudisha kwenye dawa, dozi kubwa kuliko ya mwanzo. Muganga hakunigombeza. Alisema tu kwamba neva ikishakosa damu huenda isipone, tungoje tuone. Afadhali angenitukana. Ujinga ule ulikuwa wangu, wala sina wa kumsukumia.

Siku ya Idi mke wangu alinifunga vifungo vya kanzu. Baada ya swala nilipeana mikono na mtaa mzima, Idi mubarak, Idi mubarak, na kwa kila mmoja ilinibidi nitazame chini, nijue kama ameshaniachia mkono.