Mwiko wa Namba

Scholastika alikuwa mtu wa mpangilio. Nyumbani kwake Kirushya hata mikungu ya ndizi ilipangwa kwa ukubwa, na kuku aliyechelewa kuingia bandani alisemwa. Chama cha wafugaji kilipotafuta mtu wa kuandikisha mifugo kwenye kompyuta na kuipa namba za hereni, jina lake lilitajwa kabla ya kikao kufunguliwa.

Mwenzake ofisini alikuwa Danstan, kijana mchangamfu asiye na haraka. Kila mmoja alikuwa na kompyuta yake, lakini zote ziliandika kwenye kanzidata moja. Kazi ilikwenda vizuri, mpaka asubuhi moja mzee Niyibizi alipoingia na simu mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nisomee huu ujumbe, labda ni macho yangu."

Scholastika akasoma: Hongera, mnyama wako namba 418 ana mimba.

"Huyo ni Rugaju, dume langu," mzee akasema taratibu. "Nimeshampa pole. Lakini ndama karibu wote wa hapa ni wanawe, sasa ningependa kujua imekuwaje."

Walipochunguza, wakakuta mbuzi wa Domisiana, jirani yake mzee, naye ni 418. Kumbe kila kompyuta ilitazama namba ya mwisho na kuongeza moja. Scholastika na Danstan walikuwa wamefungua ukurasa mpya kwa pamoja, kompyuta zote mbili zikaona 417, zote mbili zikatoa 418.

Mzee akaondoka kwenda kumtuliza Rugaju. Scholastika naye akaenda nyumbani, akarudi na mwiko wa ugali.

"Kuanzia leo," akamwambia Danstan, "anayetaka namba mpya ashike huu kwanza. Akimaliza, ampe mwenzake. Kufungua ukurasa bila mwiko ni mwiko."

Namba zikanyooka kama mistari ya maharage shambani. Scholastika akawa anazitazama mpaka chai inapoa.

Kisha Danstan akaenda kula na mwiko kwapani. Nje foleni ya mbuzi ikarefuka, wakamaliza maua ya ofisi, wakaanza kula tangazo la chanjo ukutani. Scholastika alikaa mbele ya kompyuta, mikono mapajani, hathubutu kugusa. Mwishowe akamfuata mgahawani. Mama mpishi alikuwa akisonga ugali kwa mwiko wa ofisi.

"Wake umevunjika," Danstan akaeleza. "Nikaona hatuutumii kwa sasa."

Hapo ndipo Scholastika alipompigia Frednand, fundi aliyewawekea mfumo.

"Dada, namba ya nini kabla hamjahifadhi?" Frednand akauliza. "Nitaweka kanzidata yenyewe iwe inagawa, kila anayehifadhi apewe yake. Ila umeme ukikatika katikati, hiyo namba imepotea. Zitarukana."

"Zirukane?"

"Zirukane, ili mradi zisigongane."

Scholastika akakubali kwa sauti ya mtu anayeng'olewa ukucha. Wiki iliyofuata umeme ukakatika, ikatoka 529, kisha 531. Mwenye mbuzi wa 531 akaguna.

"Sasa 530 ni ya nani?"

Danstan akajifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa kandambili.

"Imeruka," Scholastika akasema, macho ameyafumba. "Anayefuata."