Fundi na Kitambaa Chake

Fundi wa magari ya umeme mtaani kwetu bado anatembea na kitambaa cheusi cha grisi mfuko wa nyuma, ingawa kazi yake ya siku hizi haimchafui hata ukucha. Ukimweleza shida yako hujifuta mikono kwanza, kidole kimoja kimoja, kisha huinamia boneti na kutega sikio, kana kwamba gari litamnong'oneza. Nilipompelekea langu, lililokatika nguvu ghafla nikiwa juu ya daraja, alichomeka kompyuta yake akacheka.

"Kompyuta haioni ugonjwa, dada. Ni mguu wako tu."

"Basi njoo uliendeshe kwa mguu wako," nikamwambia.

Akapanda kwa maringo, kiwiko dirishani, akinifundisha kukanyaga taratibu. Tulipokaribia mzunguko, gari likalegea lenyewe katikati ya barabara, na nyuma yetu lori la kokoto likapiga honi mpaka viti vikatetemeka. Bingwa wangu akakanyaga klachi ambayo gari hilo halina, akapapasa mkono wa gia ambao haupo, kisha akamwita mama yake. Tukaponea chupuchupu, dereva wa lori akatupita akitutukania ukoo mzima. Fundi akatoa kitambaa, akajifuta jasho, uso ukabaki na mistari myeusi. Sikumwambia.

Sasa ukimpelekea gari lililokufia barabarani, haigusi kompyuta. Anakuuliza kwanza, kwa sauti ya chini, "Nyuma yako kulikuwa na nini?" Ukimjibu lori, anakuvutia kiti.